Weusi wa Bidar: tunapohifadhi ufundi wa metali, tunahifadhi nini hasa?

Februari 1897 majeshi ya Uingereza yaliuteka mji wa Benin, kusini mwa Nigeria ya leo. Mji ukateketea, mfalme wake, Oba, akapelekwa uhamishoni Calabar, na maelfu ya vichwa, mabamba na sanamu za shaba vikasombwa hadi Ulaya, ambako vingi vimo hadi leo katika makumbusho ya London, Berlin na kwingineko. Mtu angedhani ufundi wenyewe ungekufa siku hiyo. Haukufa. Mwaka 1914 kiti cha Oba kilirudishwa, akakikalia Eweka wa Pili, ambaye mwenyewe alikuwa mchongaji, na mafundi wakapata kazi tena. Katika mtaa wa Igun chama chao bado kinasubu shaba kwa kalibu za nta na udongo, baba akimrithisha mwana.

Sasa tazama India. Huko palikuwa na miji kadhaa iliyofua vyombo vya metali nyeusi tititi vilivyopambwa kwa fedha, vyombo vinavyoitwa bidri. Bidar ndiyo asili yao, lakini vilitengenezwa pia Hyderabad, Lucknow, Purnia na Murshidabad. Vya Purnia na Murshidabad utavikuta kwenye makabati ya vioo, vimepigwa picha na kupewa namba. Ufundi wake katika miji hiyo umefifia hadi kutoweka.

Kwa hiyo Benin ilipoteza vitu ikabaki na mikono, na Purnia ilipoteza mikono ikabaki na vitu. Mifano hii miwili inaonyesha kwamba tunaposema “tuhifadhi ufundi wa jadi” huwa tumefunga fungu moja lenye mambo manne: kitu chenyewe, jina lake, kanuni za kukitengeneza, na mkono unaoweza kukitengeneza. Kila kimoja huhifadhiwa kwa njia yake na hupotea kwa njia yake. Makumbusho hushughulikia la kwanza, sheria la pili, vitabu na video la tatu. La nne ndilo ghali kuliko yote, na ndilo ambalo mipango mingi hulizunguka bila kuligusa. Ili kuona kwa nini, inabidi tuingie karakana ya Bidar na kufuata chombo kimoja tangu kinapoyeyushwa.

Bidar ni mji wa kaskazini mwa jimbo la Karnataka. Katika karne ya 15 masultani wa Bahmani walihamishia makao yao hapo kutoka Gulbarga, na Ahmad Shah akaijenga upya ngome kubwa ambayo bado imesimama. Masimulizi ya mafundi yanasema aliyeleta ufundi huu alitoka Uajemi wakati huo. Vyombo vya zamani zaidi vilivyobaki ni vya karne ya 17, kwa hiyo hayo ya mwanzo tuyapokee kama masimulizi.

Bidri ni zinki. Hilo peke yake linashangaza, maana zinki ni metali yenye ukaidi. Huyeyuka mapema, kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi, lakini hugeuka mvuke kwenye nyuzi 907, na ndiyo maana kwa karne nyingi kuitoa ndani ya mawe yake kuliwashinda watu: ukichoma mawe hayo kwa moto mkali kama wa kutafutia shaba au chuma, zinki inapaa na moshi. Kule Zawar, Rajasthan, wahunzi walikuwa wamekwisha kuvumbua namna ya kuunasa mvuke huo na kuupooza uwe metali, karne kadhaa kabla William Champion hajapata hataza ya kazi hiyo kule Bristol mwaka 1738. Bila Zawar na wenzake pengine kusingekuwa na bidri.

Mafundi huchanganya zinki na shaba nyekundu kidogo. Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni sehemu 16 za zinki kwa moja ya shaba. Mchanganyiko humiminwa kwenye kalibu ya mchanga uliokandwa na mafuta ya mbarika na ulimbo ili ushikamane. Chombo hutoka kikiwa na rangi ya kijivu na uso wenye chenga, kisha hupigwa tupa, halafu msasa, mpaka kiwe laini.

Hapo huingia hatua ninayoipenda kuliko zote kwa werevu wake. Uso ukiwa wa kijivu, mstari wa kijivu uliochorwa juu yake hauonekani vizuri. Basi fundi hukisugua chombo kwa maji ya mrututu, uso ukapata weusi wa muda. Sasa kila mkwaruzo wa ncha ya chuma unang'aa. Mchoraji huchora bila karatasi ya kunakili: maua, majani yanayotambaa, nyota, mistari inayopishana kuzunguka shingo ya gudulia ambalo halina sehemu bapa hata moja. Akikosea nafasi ya ua la kwanza, la mwisho halitakutana nalo upande wa pili.

Kisha huja tindo. Mchongaji hukishika chombo na kukata mifereji kufuata michoro ile. Mfereji wa waya si mkato wa kawaida: kuta zake hazina budi kubana waya ukishagongwa ndani, vinginevyo fedha itachomoka siku ya kwanza chombo kikidondoka. Ukikata kifupi, fedha haishiki. Ukikata kirefu, zinki, ambayo ni metali ya kuvunjikavunjika, inamenyeka ukingoni na ua limeharibika. Tofauti ya kifupi na kirefu hapa ni unene wa ukucha, na fundi haipimi kwa rula. Huisikia kwenye kiganja na kwenye mlio wa nyundo. Waya wa fedha safi hupangwa ndani ya mfereji na kugongwa taratibu. Mtindo huu wa waya huitwa tarkashi. Pakiwa na eneo pana la kujaza, hutumika bamba la fedha lililokatwa kwa umbo la shimo lake, na mtindo huo ni tehnishan.

Baada ya kupigwa tupa mara ya pili na kusuguliwa, weusi wa mrututu umeondoka na chombo chote ni cheupe cha kijivu. Fedha na zinki zinafanana kiasi kwamba asiyejua ataona kipande cha metali kisicho na kitu. Siku nyingi za kazi zimo humo na hazionekani.

Halafu chombo hupashwa moto kidogo na kupakwa tope la udongo uliochanganywa na maji na kloridi ya amonia. Zinki inakuwa nyeusi kabisa. Fedha haiguswi. Chombo husuuzwa, hupakwa mafuta ili weusi ukolee, na maua yote yanatokea kwa mara moja.

Udongo huo hautoki popote tu. Mafundi hutaka ule wa ndani ya ngome ya Bidar, sehemu zilizofunikwa ambazo kwa miaka mingi hazijapigwa na jua wala mvua. Una shura, aina ya chumvi, na shura huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo mahali palipooshwa na mvua haifai kupatafuta. Na namna ya kuujua udongo mzuri ni kuuonja. Fundi huweka chembe ulimini, kama mpishi anavyoonja mchuzi, akaamua. Wanakemia wanaweza kutueleza kwamba zinki tupu haishiki weusi ule, na kwamba ile sehemu moja ya shaba ndiyo inayoufanya uwezekane. Maelezo hayo ni ya kweli na yana faida. Lakini hayamwambii mtu aliyeinama chini ya ukuta wa ngome achote wapi.

Sasa tunaweza kulifungua fungu letu. Ndani ya chombo kimoja zimo elimu za aina mbalimbali. Kipimo cha 16 kwa moja unaweza kukituma kwa simu na kikafika salama. Mrututu na mafuta ya mbarika vilevile. Ladha ya udongo inaweza kuelezwa nusu. Nusu ya pili inahitaji ulimi wa mwanafunzi na mwalimu wa kumwambia “siyo huu, jaribu ule”. Kina cha mfereji hakielezeki kabisa. Unaweza kupiga video ya saa nzima ya mkono wa mchongaji, ukaitazama mara mia, na ukishika tindo utavunja ukingo.

Simdharau mwenye kamera. Kanuni zilizoandikwa zimeokoa mengi, hasa pale msururu wa mafundi unapokatika na mtu akatokea baadaye kutaka kuuunganisha. Kasoro ya rekodi nyingi ni kwamba zinaonyesha kazi inavyokwenda ikienda vizuri: fundi mkuu, chombo kizuri, mikono isiyokosea. Mwanafunzi anahitaji kinyume chake. Anahitaji kuona ukingo uliomenyeka na namna ya kuuficha, weusi uliotoka na mabaka na sababu yake, waya uliolegea na jinsi ya kuukaza bila kuharibu jirani yake. Fundi akiwa na miaka 30 kazini, elimu yake kubwa ni ya makosa, na hiyo ndiyo asiyoombwa kuionyesha wageni wakija na mataa yao.

Kuna mfano mmoja mgumu kuhusu kurithisha kwa haraka. Yemen, kwa karne nyingi, kazi ya kufua fedha ilikuwa mikononi mwa Wayahudi wa nchi hiyo. Waislamu ndio waliokuwa wateja wakuu: mikufu ya maharusi, visanduku vya hirizi, mapambo ya jambia. Mwaka 1949 na 1950 Wayahudi wapatao 49,000 walihamishiwa Israeli kwa ndege. Imamu, mtawala wa Yemen wakati huo, aliona mapema kwamba mafundi wakiondoka wote kwa pamoja nchi itabaki bila masonara, na mafundi wakatakiwa kuwafundisha Waislamu kabla ya kuondoka. Ilikuwa amri yenye busara. Soko la vito vya fedha la mji wa Sanaa halikufa, na warithi wake waliendelea kufua. Hata hivyo kazi ya waya mwembamba na chembe ndogondogo zilizoshikishwa kwa lihamu, zile chembe ambazo joto likizidi kidogo huyeyuka zote zikawa tone moja, haikurudi kwenye kiwango chake cha zamani, na vito vya koo maarufu kama Bawsani sasa vinatafutwa na wakusanyaji kwa bei kubwa. Kanuni zilifundishwa. Muda wa kuharibu vitu mbele ya mwalimu ndio uliokosekana.

Turudi kwenye majina, kwa sababu huko ndiko kelele nyingi ziliko. Bidri ilisajiliwa mwaka 2006 chini ya sheria ya India inayolinda majina ya bidhaa zenye asili ya mahali fulani. Maana yake ni kwamba mfanyabiashara wa mji mwingine hawezi kusubu kopo la aloi ya bei rahisi, akalipaka rangi nyeusi na kuliuza kwa jina la bidri. Ni kinga halali. Lakini kinga ya jina haimfundishi mtu kuchonga. Fundi wa mwisho akifa, jina litabaki limesajiliwa barabara.

Orodha ya UNESCO nayo ni hivyo hivyo, kwa maoni yangu. Mwaka 2014 iliwaingiza mafundi wa vyombo vya shaba wa Jandiala Guru, karibu na Amritsar. Mwaka 2022 ikaingia jambia ya Oman, na mwaka 2023 nchi 10, zikiwamo Misri, Yemen, Sudan na Mauritania, zikaorodheshwa pamoja kwa ufundi wa kutia nakshi kwenye dhahabu, fedha na shaba. Orodha hizi huleta heshima, na heshima ina kazi yake: kijana ambaye baba yake anaitwa “fundi makopo” mtaani huona baba huyohuyo akihojiwa na televisheni. Mwaka 2023 pia serikali ya India ilimtunuku fundi wa bidri, Shah Rasheed Ahmed Quadri, nishani ya Padma Shri, moja ya nishani kubwa za kiraia nchini humo. Jambo zuri. Ila nishani hupewa mtu aliyekwisha kujua kazi.

Swali linalobaki ni la pesa, na si pesa za fundi mkuu. Ni za mwanafunzi wake. Mchongaji huhitaji miaka kadhaa kabla ya kazi yake kuuzika. Katika miaka hiyo anakula, anapanda basi, pengine ana mama wa kumsaidia, na anachotoa mikononi ni hasara: zinki iliyovunjika, waya uliopotea, saa za mwalimu. Nani analipa?

Zamani jibu lilikuwa rahisi, ingawa halikuwa la haki. Mtoto alikuwa wa fundi, alilishwa nyumbani, na hakuulizwa kama anataka. Nyuma ya familia walikuwapo wanunuzi wasiokwisha: makasri ya Wanizam, watawala wa Hyderabad, ambao Bidar ilikuwa chini yao, na matajiri waliotaka vitako vya hukka (kiko cha maji), masanduku ya tambuu na birika za kunawia. Mwaka 1948 Hyderabad ikaingizwa katika India, utawala wa Nizam ukaisha, na mwaka 1956 mipaka ya majimbo ikachorwa upya, Bidar ikaangukia upande wa Karnataka ya leo na Hyderabad upande mwingine. Hukka ikapoteza heshima yake mbele ya sigara. Mteja mkuu akatoweka ndani ya kizazi kimoja, na watoto wakapata shule, jambo ambalo hakuna mwenye akili atakayelilaumu. Baba anayekohoa kwa moshi wa zinki, moshi unaoweza kumtia mtu homa na baridi usiku mzima, ana kila sababu ya kumtakia mwanawe kazi ya ofisini.

Juu ya hayo yote ongeza bei ya malighafi. Fedha ni bidhaa ya soko la dunia. Hutumika kwenye paneli za sola na vifaa vya umeme, na mwaka 2025 bei yake ilipita dola 50 kwa aunsi, ikavunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1980. Fundi wa Bidar hana usemi wowote katika bei hiyo. Anachoweza kubadilisha ni unene wa waya tu, na waya ukiwa mwembamba mno, mchoro unakonda. Mnunuzi mwenye jicho ataona, asiye nalo atalipa bei ileile, na taratibu kiwango kinashuka bila mtu yeyote kuamua kukishusha.

Japani walilitazama swali la mwanafunzi moja kwa moja. Sheria yao ya 1950 ya kulinda mali za utamaduni, baada ya kurekebishwa, iliwezesha serikali kumtambua mtu kama mwenye kubeba ufundi, na watu wa kwanza walitambuliwa mwaka 1955, wafua metali wakiwa miongoni mwa fani zinazohusika. Kila mmoja hupewa yeni milioni mbili kwa mwaka, na pesa hizo zina sharti: ni za kuendeleza ufundi na kuwafunza watakaomfuata. Hazitoshi kumtajirisha mtu, lakini zimelenga mahali penyewe. Kasoro ni kwamba zinamfikia fundi mkubwa aliyezeeka, na ni wachache tu wanaotambuliwa.

India kwa upande wake ilizindua mpango wa PM Vishwakarma Septemba 2023 kwa fani 18 za jadi, wamo wahunzi na masonara. Una mikopo nafuu, posho ya rupia 500 kwa siku ya mafunzo, na rupia 15,000 za zana. Kwa fundi aliyekwisha kujua kazi na anakosa mtaji, huu ni msaada wa kweli. Lakini mafunzo ya msingi ni ya siku tano hadi saba, na ya juu ni siku 15 au zaidi kidogo. Siku saba zinatosha kujua tupa gani inunuliwe. Mpango uliohesabiwa kwa siku hauwezi kulipia elimu inayohesabiwa kwa miaka, na sioni ubaya wa kulisema hilo waziwazi huku tukishukuru kwa zana.

Hapa ndipo naachana na watu wengi wanaopenda ufundi wa jadi. Wao hukasirika wakiona bidri imegeuzwa kishikio cha funguo, kifuniko cha flashi, vifungo vya shati. Wanataka magudulia ya karne ya 17. Mimi naona vishikio vya funguo ni darasa. Gudulia kubwa likichongwa vibaya ni hasara ambayo karakana ndogo haiwezi kuibeba, kwa hiyo mwanafunzi haruhusiwi kuligusa. Kishikio cha funguo kina ua moja na mfereji wa inchi mbili. Kijana akikiharibu kinarudi chunguni. Na kikitoka vizuri kinauzwa kesho kwa mtalii wa basi, pesa ya chakula ikapatikana. Karakana inayopata oda za hoteli na zawadi za wakubwa peke yake huonekana imefanikiwa, lakini haina kitu cha kumpa anayeanza.

Mgawanyo wa kazi nao una hatari yake. Bidri kwa kawaida hupita mikono ya watu kadhaa: msubu, mchoraji, mchongaji, mpachikaji wa fedha, msafishaji. Wamo wanawake wengi katika kazi ya kuchonga na kupachika siku hizi. Mpangilio huu ni mzuri kwa kasi, lakini unaufanya mnyororo uwe na viungo vinavyoweza kukatika kimoja kimoja. Wasubu wakiacha kwa sababu ya moshi, wachongaji kumi hodari wanakaa bila chombo cha kuchonga. Anayehesabu “mafundi waliobaki” kwa jumla hatauona mpasuko huo mpaka umechelewa.

Udongo pia. Ngome ya Bidar ni mnara wa kale unaolindwa na serikali, na sheria ya India ya 1958 kuhusu minara hiyo hairuhusu kuchimba ovyo ndani ya eneo lake. Ni sheria ya haki kabisa kwa mtu wa akiolojia. Ila inamaanisha kwamba mamlaka ya kuhifadhi ukuta na haja ya kuhifadhi ufundi zinakutana juu ya kikapu kimoja cha udongo, na ukubwa wa ngome usitudanganye: sehemu kavu zilizofunikwa hazijitengenezi upya kwa msimu mmoja.

Je, kwetu? Pwani ya Afrika Mashariki si mgeni wa kazi hii. Mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu, ushahidi kwamba watu wa pwani walikuwa wakiishika fedha karibu miaka elfu moja iliyopita. Siwa ya shaba ya Lamu, ile baragumu kubwa ya wakubwa wa mji, ni kazi ya kusubu inayoweza kuwekwa mbele ya fundi yeyote duniani. Na vipini, majasi, vikuku, mitali na mikufu vilikuwa na masonara wao katika kila mji wenye msikiti wa Ijumaa.

Zanzibar wengi wao walikuwa na asili ya Kutch na kwingineko Gujarat, magharibi mwa India. Baada ya 1964 familia nyingi za Kihindi ziliondoka, na hapo unaweza kuona Yemen ndogo: wateja walibaki, mafundi wakapungua. Malighafi nayo ilikuwa imekwisha kubadilika kabla ya hapo. Masonara wa Oman na wa pwani waliyeyusha riale za Maria Theresa, zile sarafu zilizoandikwa mwaka 1780 hata zikipigwa miaka mia baadaye. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi na fedha sehemu 833 katika elfu, bila kubadilika. Sonara aliyezizoea alijua fedha yake inayeyuka vipi na inakubali nyundo kiasi gani, bila maabara. Akiletewa leo mchanganyiko wa vito vilivyovunjika kutoka nchi tano, kipimo hicho hana.

Oman wana kitu ambacho Bidar haina: mteja aliyewekwa na desturi. Jambia ni sehemu ya vazi rasmi, imo kwenye bendera ya taifa, na bwana harusi hawezi kutokea bila hiyo. Kwa hiyo karakana za Nizwa na kwingineko hazihitaji kumshawishi mtu kwamba kazi yao ina matumizi. Shindano lao ni la bei, dhidi ya jambia za kiwandani, na la kumpata kijana wa kukaa miaka mezani wakati ofisi za serikali na kampuni zipo.

Lamu haina vazi rasmi la namna hiyo, lakini ina jambo dogo linalofaa kutazamwa kwa makini. Baadhi ya masonara wa huko hutengeneza pete kwa vigae vya bakuli na sahani za kale za Kichina zinazookotwa ufukweni. Kigae husuguliwa ukingo, utepe wa fedha ukakatwa na kukunjwa kukizunguka, ukaungwa kwa lihamu, kisha mdomo wake ukalazwa juu ya kigae polepole mpaka ubane. Pete hiyo si ya jadi kwa maana ya kwamba bibi zetu hawakuivaa, na wapo watakaoikunjia uso. Lakini humo ndani mna kukata, kuunga, kubana na kung'arisha, yaani nusu ya kazi yote ya sonara, katika kitu ambacho watalii hununua. Utepe ukikatwa mfupi au lihamu ikimwagika, fedha inarudi kwenye moto na kuanza upya ikiwa ileile. Hasara ya mwanafunzi ni makaa, lihamu kidogo na asubuhi moja.